Pazia la Kaniki

Kabla sijaruhusiwa kumgusa mgonjwa hata mmoja, nilifua bandeji msimu mzima wa mvua. Hospitali ya misheni niliyojifunzia kazi ilikuwa kwenye baridi ya Mbozi, si mbali na kwetu Ihanda, na miaka ile ya baada ya Vita Kuu ya Pili bandeji haikutupwa. Ilifuliwa, ikachemshwa katika pipa, ikaanikwa kwenye waya, ikakunjwa upya na kufungwa kwenye mguu wa mtu mwingine. Mikono ilinipasuka kwa sabuni na ubaridi. Mama yangu alipokuja kunitembelea na kapu lake la maharage, alinikuta nimeinamia karai la maji yenye usaha. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, kama ni kufua matambara, hata nyumbani yapo."

Nilikuwa na hasira, na hasira ile nilizaliwa nayo. Baba alitaka niolewe na mwalimu, nikae nyumba ya bati. Mimi nilitaka uuguzi kwa sababu moja tu, kwamba kila mtu aliniambia sitauweza. Sista wa Kizungu aliyetufundisha, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, aliiona hasira hiyo mapema. Hakuikemea. Alinipa bandeji zaidi.

Siku aliyoniachia kidonda changu cha kwanza naikumbuka vizuri. Alikuwa mama mmoja wa Hasamba, mwenye kidonda ndugu kwenye ugoko, na harufu yake iliwakimbiza wenzangu hadi barazani. Kitambaa alichofungiwa nyumbani kilikuwa kimegandamana na nyama. Sista aliniletea bakuli la maji ya chumvi yaliyochemshwa, yakiwa vuguvugu, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Lowesha. Ngoja. Lowesha tena. Ukivuta, umemwibia ngozi yake."

Basi nililowesha na kungoja. Mimi, niliyekuwa sijui kungoja hata ugali uive, niliketi pale sakafuni na pamba yangu nikidondosha maji kidogo kidogo. Mwishowe kitambaa kile kilijiachia chenyewe, bila kuvutwa. Nilipoinua macho yule mama alikuwa amesinzia. Kidonda kilichomnyima usingizi kwa muda mrefu kilikuwa wazi mikononi mwangu, naye amelala. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku ya ubatizo wangu, na sioni aibu kulisema hilo. Nilijua nimepata kazi yangu, na kwamba atakayetaka kuninyang'anya itabidi tushikane.

Halafu nikaolewa, na si na mwalimu. Nilimpata kijana wa Kinamwanga kutoka upande wa Momba, mpole, mwenye kucheka kwa mabega bila sauti. Alikuwa akipandisha chumvi ya Ivuna, kule bondeni, na baba yake, wakija kwetu Mbozi kuibadilisha kwa mahindi na maharage, na ndivyo tulivyoonana. Haukupita muda baada ya harusi, akapanda lori pale Tunduma kwenda migodini Rhodesia ya Kaskazini, kama walivyofanya vijana wote wa kule. Nilimpenda. Kila lori lililorudi kutoka upande ule lilinipandisha roho, na kila lililopita bila kusimama liliishusha.

Mimi nikapangiwa dispensari ndogo kando ya barabara, karibu na Tunduma, mahali ambapo ningeweza kutembea kwa miguu hadi kwa wakwe zangu. Tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa dresa, yaani mfunga vidonda, mtu mzima aliyejifunzia kazi jeshini, mwenye sauti kubwa na moyo mzuri. Yeye alitoa sindano na kushughulikia wanaume, mimi wanawake, watoto na vidonda vya muda mrefu.

Hapa lazima nieleze jambo la mkwe, maana vijana wa leo, wanaokaa sebule moja na baba wakwe zao wakigombea sukari ya chai, hawatanielewa. Enzi zile mkamwana na baba mkwe hawakutazamana uso kwa uso. Sikulitaja jina lake, wala neno lililofanana na jina lake. Sikula mahali alipoweza kuniona. Nikiwa na jambo la kumwambia, nilimwambia dada yake, yule tuliyemwita shangazi, hata kama mzee mwenyewe ameketi nyuma ya ukuta wa fito anasikia kila kitu. Naye alinijibu kwa kupitia kwa shangazi huyo huyo. Hayo hayakuwa magomvi. Ilikuwa heshima, na hiyo ndiyo iliyonifanya kuwa mkamwana. Mwanamke mwingine yeyote wa kijiji aliweza kusalimiana na mzee na kutaniana naye. Mimi sikusalimiwa, kwa sababu mimi ndiye niliyeolewa na mwanawe.

Kazi yangu hakuipenda. Shangazi, mama mfupi mwenye kunusa ugoro na asiyepunguza neno, aliniletea kauli yake kama ilivyotoka kinywani. "Baba yako anasema, yeye hajaona mkamwana wa watu akishikashika miguu ya wanaume. Anasema fanya mpaka mume wako arudi. Akirudi, tutakaa kikao tuseme." Niliitikia kwa adabu. Moyoni nilikuwa nimeshasema yangu, lakini moyoni hakuna kikao.

Kiangazi kilichofuata mzee alishuka Ivuna kupika chumvi, kama alivyofanya kila mwaka. Walikwangua udongo wa chumvi, wakauchuja kwa maji, na maji yale wakayachemsha katika vyungu mpaka yakauke ibaki chumvi tupu. Alikuwa fundi wa kazi hiyo, na chumvi yake ilijulikana hadi kwetu kwa weupe wake. Siku moja chungu kilipasuka juu ya moto akiwa amekiinamia. Maji yanayochemka yalimmwagikia ubavuni, nyongani, pajani, yakashuka hadi chini ya goti.

Wenzake walimtengenezea machela, wakampandisha kutoka bondeni. Njia ya kwenda kwake ilipita mbele ya dispensari yetu. Walipokaribia, waliiacha barabara, wakazunguka porini na mgonjwa wao mabegani, wakichomwa na miiba, ili asipite mahali nilipo mimi. Nilikuja kuyasikia hayo baadaye, na kila mmoja wao aliyasimulia kwa fahari, kwamba hata siku ile ya mashaka hawakusahau heshima. Nyumbani walimpaka asali na majivu, wakamfunika kwa majani ya mgomba, wakangoja apone. Dawa ilikuwepo na hawakuijia, kwa sababu kwenye chumba cha dawa alikuwamo mkamwana wake.

Walipomleta mwishowe, ni shangazi aliyewalazimisha, na harufu ilifika kabla ya machela. Yeye alitangulia mbio akaniambia, "Jifiche, mwanangu, baba yako analetwa." Nikaingia stoo, nikafunga mlango. Humo ndani nilimsikia dresa akimfungua. Dresa alikuwa na watu wengi barazani na mikono yake ilikuwa ya haraka. Aliyabandua yale majani yakiwa makavu. Mzee alilia. Mimi nilisimama gizani katikati ya makopo ya vaselini, nimejiziba mdomo kwa kiganja, nikisema peke yangu, lowesha, ngoja, lowesha.

Siku chache zilipita hivyo. Kila asubuhi nilijificha, kila asubuhi nilimsikia. Ndipo ikaja amri kwamba ndui imeonekana vijiji vya chini, kuelekea Rukwa, na dresa ashuke kuchanja watu. Alipakia sanduku lake, kisha akaniita.

"Mzee nakuachia," alisema.

"Dresa, yule ni baba mkwe wangu."

"Najua. Dunia nzima inajua. Hospitali ya Mbozi hafiki, atafia njiani. Na ndui hainingoji." Akavaa kofia yake, akaivua tena. "Ukikataa sitakulaumu, mama. Lakini kidonda kile asikiguse mtu asiyejua."

Akaenda zake. Nilikaa kwenye ngazi ya dispensari, wagonjwa wakinitazama, nikapima mambo. Nikimgusa, nimeona uchi wa baba wa mume wangu. Hapo hakuna ukoo ambao ungenirudisha jikoni kwao. Ningepelekwa Ihanda na ng'ombe wa mahari wangedaiwa, na mume wangu angerudi kutoka migodini akute nyumba imefungwa. Na nisipomgusa, atakufa. Nikimwacha afe ili nibaki mkamwana mwema, sikuona ningewezaje tena kumwambia mtu yeyote, "Nipe mguu wako niuone." Nilijaribu kuomba, ila maombi yalikuwa yananikasirisha tu. Nikainuka nikamfuata shangazi, nikamwambia yote.

Shangazi alinusa ugoro wake akapiga chafya. Alivua kaniki aliyojitanda mabegani, kitambaa cheusi kilichofuliwa mpaka kikawa laini, akaingia nacho chumba cha mgonjwa, akakifunga kwenye boriti ya dari kiasi kwamba kilishuka katikati ya kitanda. Upande mmoja ulibaki uso na kifua cha mzee, upande wa pili tumbo na miguu. Sehemu za heshima alizifunika mwenyewe kwa nguo nyingine. Halafu akatoka akanishika mkono.

"Kinachovunja heshima ni kuonana," alisema. "Yeye hatakuona, wewe hutamuona. Kuna kaka yangu kule, huku kuna mguu. Wewe funga mguu."

Hivyo ndivyo nilivyoingia. Nilichemsha maji, nikatia chumvi, nikayaacha yapoe, nikapiga magoti upande wangu wa pazia. Kabla sijadondosha tone nikaisikia sauti ya mzee ng'ambo ya kaniki, nzito, ya mtu mwenye homa.

"Dada, muulize huyo mtu, ni maji gani hayo?"

"Mwambie baba ni maji ya chumvi," nikamwambia shangazi.

"Mwambie chumvi ndiyo iliyoniunguza!"

"Shangazi, mwambie baba, kilichomuunguza ni moto."

Shangazi alikuwa ameketi kichwani pa kitanda, anatugeukia huku na huku, na naapa alikuwa anajizuia kucheka. "Mmesikiana," alisema, "msinichoshe." Nikaanza kazi.

Sasa, nesi hufanya kazi kwa kutazama uso. Unagusa pale, unatazama jicho, unajua hapa taratibu, hapa unaweza kuendelea. Mimi nilinyimwa uso. Na mzee, ambaye kwa dresa alilia wazi, kwangu hakutoa hata mguno, kwa kuwa mwanamume hapaswi kusikiwa na mkamwana wake akilia. Shangazi aliniambia baadaye kwamba aliiuma blanketi. Siku ya kwanza nilifanya kazi kwa hofu tupu, sijui kama namuua au namponya. Siku ya pili nikaona vidole vya mguu wake. Vilikuwa vidole vya mtembeaji, vimepasuka, na kucha ngumu. Maji yakipita mahali pabaya, vilijikunja. Nikingoja, vilifunguka. Nikavifuata hivyo. Vikijikunja naacha, vikifunguka naendelea. Asubuhi moja vililegea kabisa tangu mwanzo hadi mwisho, nami nikajua ng'ambo ya pazia mzee amesinzia.

Nitasema kitu ambacho sikumwambia mtu wakati ule. Nilikuwa na furaha. Nilikuwa nimezungukwa na maneno, wanawake kisimani walikuwa wakinyamaza nikifika, sikujua kama kesho ningekuwa mke wa mtu, na bado kila asubuhi nilipofunua ile bandeji na kukuta usaha umepungua, nyama mpya nyekundu inachipua punje punje kwenye kingo, kifua kilinipanuka. Nilirudi chumbani kwangu nikiimba. Nilijiona kama kichaa. Lakini ndiyo raha niliyoijua ya kazi hii, kumwona mtu anarudi kidogo kidogo na kujua mkono wangu umo. Sijaona raha nyingine inayokaa vile.

Kisha homa ya malaria ikampata juu ya kidonda. Nilimpa kwinini kwa mkono wa shangazi. Mchana mmoja shangazi alitoka kwenda kumpikia uji kwenye banda la nyuma, nami sikuwa nimeruhusiwa kuwa chumbani bila yeye, kwa hiyo niliketi mlangoni nikikunja bandeji. Nikasikia mzee anatapika. Halafu nikasikia sauti nyingine, kama mtu anayemeza maji yasiyopita. Alikuwa amelala chali, hana nguvu ya kujigeuza, na matapishi yalikuwa yanamziba.

Nilimwita shangazi. Upepo ulikuwa ukivuma, hakusikia. Niliita tena, sauti ile kitandani ikaanza kukatika.

Nilipita pazia. Sikumbuki kama nililisukuma au nililing'oa, najua tu baadaye lilikutwa chini. Nilimshika bega na nyonga nzima, nikamgeuza ubavu, nikamtia kidole mdomoni nikatoa kilichokuwamo, nikampiga mgongoni kwa kiganja mpaka akavuta pumzi. Kisha nikakaa kitandani, kichwa chake mapajani mwangu, nikimfuta mdomo na pua kwa kanga yangu. Alifungua macho. Tulitazamana. Alikuwa na macho ya mume wangu, yale yale, na hilo sikuwa nimelijua kwa kuwa sikuwahi kuyaona. Nami sikuwa na mtu wa kumpa neno ampelekee, basi nikalisema mwenyewe moja kwa moja, "Baba, vuta pumzi. Taratibu. Vuta tena."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na chungu cha uji.

Hakupiga kelele. Alikiweka chungu chini, akaiokota kaniki yake, akaikung'uta vumbi. Alinisubiri nimlaze mzee vizuri kwa ubavu, niondoke kitandani, nirudi upande wangu. Ndipo akaifunga tena kwenye boriti, akakaza fundo, akakaa mahali pake.

Hakuficha. Mtu wa namna yake asingeficha. Wazee wa ukoo walikuja, wakaketi chini ya ukingo wa paa la dispensari, wakaongea kwa Kinamwanga cha chini chini ambacho wakati ule nilikuwa nakielewa nusu. Walipoondoka shangazi alinifuata kwenye kamba ya bandeji.

"Wamesema neno si lao, ni la baba yako mwenyewe," aliniambia. "Akipona, kutakuwa na siku mtakutana. Ukimwona amesimama mbele yako, akakusalimu kama anavyosalimu wanawake wa watu, ujue umekwisha kwetu, mwanangu. Mkamwana hasalimiwi."

"Na yeye anasemaje?"

"Hasemi. Nimemuuliza, amegeukia ukutani."

Tuliendelea na kazi nyuma ya pazia kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi nilimwambia shangazi, shangazi akamwambia yeye, yeye akamwambia shangazi. Kidonda kilifunga polepole. Ngozi mpya ilikuja nyembamba, ya kung'aa, ikalivuta goti mpaka likawa halikunjiki ila kwa maumivu, nami kila siku nilimtumia neno kwamba asilionee huruma, alikunje hata kama linachoma. Dresa alirudi kutoka kwenye chanjo, akakitazama kidonda, akanitazama mimi, akasema tu, "Haya." Siku mzee alipoondoka na fimbo yake nilikuwa stoo, mlango umefungwa. Hakuniachia salamu kwa shangazi, wala asante, wala lawama. Nilisikia fimbo ikigonga barazani, ikaenda.

Mvua za kwanza zilimleta mume wangu. Alishuka kwenye lori pale barabarani, amekonda, amevaa kofia ya huko, akanisalimu, "Mwapoleni, mukwai," kwa Kibemba cha migodini, ili anichekeshe. Nilicheka, kisha nikalia. Alikuwa ameshasikia, habari zilimfikia Tunduma kabla hajapanda gari la mwisho. Tulikaa ndani, nikamweleza kila kitu, sikubakiza. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Ulifanya vibaya?" aliniuliza.

"Hapana."

"Ungefanya tena?"

"Leo hii."

Aliniambia kwamba ananipenda, jambo ambalo wanaume wa kule hawakulisema kwa urahisi, na kwamba hata hivyo hana uwezo wa kunishikilia kama baba yake atanikataa. Kikao cha ukoo kilikuwa kimepangwa Jumapili, baada ya ibada. Kazi yangu na ndoa yangu vingesemwa pamoja, siku hiyo hiyo.

Jumapili ile tuliondoka dispensari sisi wawili kwenda kwake. Njia ilipita katikati ya mashamba ya ulezi yaliyokwisha kuvunwa, nyembamba, imebonyea kwa miguu ya watu, kingo zake zimeinuka pande zote mbili. Nilikuwa natembea mbele. Tulipoikunja kona nikaona watu wanatoka kanisani wanakuja kwa mstari, na mbele yao mzee, na fimbo yake, shangazi nyuma yake.

Mkamwana na baba mkwe wakikutana njiani, mmoja huiacha njia. Ni mkamwana anayeiacha. Hukimbilia majanini, huchuchumaa, hugeuza mgongo mpaka mkwe apite. Nilikuwa nimefanya hivyo mara nyingi bila kufikiri. Siku ile miguu ilinigoma. Sikujua kama bado ninayo haki ya kujificha. Mwanamke ambaye si mkamwana wa mtu, akikimbilia majanini kumkwepa mzee, anamfanyia dharau. Nilisimama katikati ya njia, mikono imeshuka, nikamwona anakuja.

Naye akasimama. Watu wote nyuma yake wakasimama. Tulikuwa karibu kiasi kwamba angeweza kunisalimu bila kuinua sauti. Aliniangalia kitambo kidogo tu. Niliona midomo yake inaachana, nikajua ni salamu inayokuja, nikafumba macho.

Nilisikia fimbo. Nilipofumbua, mzee alikuwa anaiacha njia. Alipanda ule ukingo kwa fimbo na mkono mmoja, ule mguu wangu ukiburuta udongo, akashindwa, akapanda tena. Mtu mmoja alitaka kumsaidia, shangazi akamzuia kwa kiwiko. Mzee alifika kwenye mabua ya ulezi, akanigeuzia mgongo, akaanza kuchuchumaa. Nilijua goti lile kuliko yeye mwenyewe. Nilijua ngozi ile ilivyo fupi na inavyochoma ikivutwa. Alilikunja lote, mpaka chini, akajifunika blanketi kichwani mbele ya kanisa zima, akatulia.

"Pisheni!" shangazi aliwapigia kelele waliokuwa nyuma. "Mnatazama nini? Mkamwana wetu anapita!"

Nilipita nimeinama, kanga usoni, nikilia kwa sauti kama mtoto, na mume wangu nyuma yangu alikuwa analia pia. Watu walitupisha. Tulikuwa hatujaenda mbali shangazi akatufikia mbio, anahema, ugoro umemmwagikia kifuani.

"Baba yenu anasema hakuna kikao," alisema, akinishika mkono. "Anasema mkamwana wake arudi kazini. Wagonjwa wasingoje."